Moto ghorofa ya sita, maji ghorofa ya kwanza: jengo la kumbukumbu la St. Louis na masijala zetu

Hotuba kwa watunza kumbukumbu wa Nyanda za Juu Kusini, mjini Iringa

Ndugu mwenyekiti, wakuu wa idara, watunza kumbukumbu wenzangu kutoka halmashauri za Iringa, Njombe, Mbeya, Songwe na Rukwa. Shikamooni wakubwa. Na kwa wenyeji wetu wa hapa, kamwene.

Mada niliyopewa ni historia ya jengo la ofisi ya serikali lililopotea kwa maafa. Nimechagua jengo la mbali: kituo cha kumbukumbu za watumishi wa jeshi la Marekani kilichokuwa Overland, pembezoni mwa jiji la St. Louis, jimbo la Missouri. Nimelichagua kwa sababu waliolisimamia walieleza wazi palipokosewa na palipofanikiwa, dakika kwa dakika na kasha kwa kasha, na kwa mtu wa masijala maelezo hayo ni mali. Hoja yangu ni moja. Jengo lile lilianza kuungua kwenye ramani, miaka ishirini hivi kabla ya cheche ya kwanza, na sehemu kubwa ya mafaili yaliyopona iliponywa na watu waliojua kukausha karatasi.

Ramani ilianza kuchorwa mwaka 1951 na kampuni ya Hellmuth, Yamasaki na Leinweber. Huyo Minoru Yamasaki ndiye aliyekuja kusanifu majengo pacha ya World Trade Center ya New York. Jengo likafunguliwa mwaka 1956, ghorofa sita za zege, nje limezungushiwa alumini na vioo. Kila ghorofa ilikuwa na urefu wa futi 728 na upana wa futi 282, yaani meta 222 kwa 86. Ukizidisha unapata karibu ekari tano kwa ghorofa moja, na kwenye eneo la kuhifadhia majalada hapakuwa na ukuta wa kuzuia moto. Shelfu za chuma, makasha ya karatasi ngumu, njia katikati, mpaka mwisho wa jicho. Hapakuwa na kifaa cha kuhisi moshi wala joto huko juu, na hapakuwa na vinyunyizio vya maji kwenye dari.

Hili la vinyunyizio lisichukuliwe kama uzembe wa kawaida, kwa maana lilijadiliwa. Wasanifu walikwenda kutazama vituo viwili vilivyokuwa vikifanya kazi: kile cha jeshi la majini huko Garden City, New York, na kingine cha Wizara ya Ulinzi huko Alexandria, Virginia; kimoja kilikuwa na vinyunyizio, kingine hakikuwa navyo. Wataalamu wa nyaraka wa zama zile walikuwa wamegawanyika. Wapo walioogopa moto, na wapo walioogopa zaidi bomba kupasuka usiku na kulowesha makasha elfu kumi bila sababu. Walioogopa maji ndio walioshinda.

Niseme tarakimu hapa, maana hofu hiyo bado iko kwenye ofisi nyingi, na wahandisi wetu huisikia kila wanapopendekeza vinyunyizio. Kinyunyizio kimoja kikifunguka humwaga maji kati ya lita 60 na 95 kwa dakika. Kinafunguka peke yake, pale tu ambapo joto la dari limefika, kwa kawaida nyuzi 68 kwa vile vyenye kichupa chekundu. Vya jirani havifunguki mpaka navyo viguswe na joto. Mpira mmoja wa zimamoto humwaga lita 500 hadi 900 kwa dakika, kwa nguvu ya kuangusha shelfu, na askari hawaji na mpira mmoja. Kwa hiyo aliyekataa vinyunyizio akiogopa maji ameyaagiza maji mara kumi zaidi, tena yaletwe kwa magari. St. Louis walikuja kulipokea agizo hilo.

Tarehe 12 Julai 1973, saa sita na dakika 16 usiku, taarifa ya moto ilifika kwenye kituo cha kupokea simu za zimamoto. Magari ya kwanza yalifika baada ya dakika nne na sekunde 20. Muda huo ni mfupi sana. Askari walipanda hadi ghorofa ya sita wakaanza kazi. Ilipofika saa tisa na robo, joto liliwashinda wakaamriwa kushuka. Tangu hapo moto ulipigwa ukiwa nje, kupitia madirishani. Uliwaka bila kudhibitiwa kwa saa 22. Zilipita siku mbili kabla ya askari kuweza kuingia tena, na moto ulitangazwa umezimika rasmi tarehe 16. Vikosi vya kanda 42 za zimamoto vilishiriki. Presha ya maji ilikuwa ndogo, na gari moja la pampu lililokuwa likifanya kazi kwa zaidi ya saa 40 liliharibika. Wakazi wa Overland walishauriwa wajifungie ndani kwa sababu ya moshi.

Swali ambalo kila mtu huuliza ni chanzo. Chanzo hakikuthibitishwa. Sehemu ambako moto ulianzia iliharibika kiasi kwamba hapakubaki cha kupima. Sigara ilishukiwa, na mambo yakaishia hapo. Kwa kazi yetu nadhani swali hilo lina uzito mdogo kuliko tunavyolichukulia. Cheche hutoka popote: hita, waya, radi, sigara. Swali la mtunza kumbukumbu ni je, cheche ikishatokea, inakutana na nini kabla haijafika shelfu ya pili? Kule ilikutana na ekari tano zilizo wazi.

Na zege lenyewe? Zege haliungui, lakini linavimba. Paa refu kiasi kile likipashwa joto kwa saa nyingi hutanuka, na halikuwa na mapengo ya kutosha ya kulipa nafasi. Likasukuma nguzo za chini yake kwa ubavu hadi zikakatika, na paa likashuka juu ya mafaili. Baadaye ghorofa ya sita ilibomolewa yote. Jengo likaendelea kutumika likiwa na ghorofa tano, hadi kituo kilipohamia jengo jipya mwaka 2011.

Kilichopotea ni majalada kati ya milioni 16 na milioni 18. Kwa askari wa nchi kavu waliomaliza utumishi kati ya tarehe 1 Novemba 1912 na 1 Januari 1960, asilimia 80 ya majalada yao yaliteketea. Kwa jeshi la anga, walioacha kazi kati ya tarehe 25 Septemba 1947 na 1 Januari 1964, ilipotea asilimia 75, lakini ya wale tu ambao majina yao kialfabeti yanakuja baada ya Hubbard, James E. Hapa mtu wa masijala ataelewa mara moja kilichotokea. Majalada yalipangwa kwa alfabeti, upande mmoja wa sakafu ukaungua na mwingine ukapona, na mpaka wa moto ukawa jina la mtu. Askari wawili wa majina tofauti walioingia jeshini siku moja, mmoja jalada lake lipo na mwingine hana hata barua ya kuajiriwa.

Sasa maji.

Moto ulikuwa juu, na maji yanashuka. Lita zote zile zilizopigwa ghorofa ya sita ziliteremka kupitia ngazi, mashimo ya mabomba na nyufa, ghorofa baada ya ghorofa, zikatuama kwenye ghorofa ya chini kabisa. Mabomba ya jengo lenyewe nayo yalikuwa yamekatika, yakaendelea kumwaga hadi yalipozibwa usiku wa tarehe 14. Julai ya Missouri ni kiangazi cha joto na unyevu. Karatasi mbichi, joto, giza na hewa iliyosimama: kwa kuvu hapo ni nyumbani. Wasimamizi wakapulizia dawa ya thaimoli jengo zima kuzuia kuvu isilipuke. Siwashauri mwige hilo. Thaimoli inadhuru mapafu na ngozi, na wahifadhi wa leo wameshaachana nayo kwa kazi ya namna hiyo.

Walichofanya vizuri zaidi ni kuchagua kitu cha kutoa kwanza. Hawakukimbilia jalada lililo karibu na mlango. Walitoa roli zaidi ya 100,000 za mikrofilamu, yaani filamu zenye picha ndogo za kurasa, zenye taarifa za kila asubuhi za vikosi: nani yupo, nani mgonjwa, nani amehamishwa. Jalada la mtu likiungua, taarifa ya kikosi chake inaweza kuonyesha alikuwa wapi siku fulani. Kwa lugha yetu, waliokoa daftari la mahudhurio kabla ya jalada binafsi, na kwa miaka iliyofuata ndilo lililowalipa.

Kisha wakaanza kukausha. Mwanzoni walitumia shelfu za akiba kama vichanja, wakatandaza karatasi mbichi. Kwa idadi ile ilikuwa kazi isiyoisha. Ndipo wakapata kitu kilichojengwa kwa kazi nyingine kabisa: chumba kikubwa cha kuondoa hewa cha kampuni ya ndege ya McDonnell Douglas, papo hapo St. Louis, kilichotengenezwa kufanyia majaribio vyombo vya anga. Majalada yalipangwa kwenye makreti ya plastiki ya maziwa, karibu makreti 2,000 kwa mkupuo. Mlango unafungwa, hewa inavutwa, joto linashushwa hadi kuganda, kisha hewa kavu yenye joto inaingizwa inyonye unyevu, na mzunguko unarudiwa. Kila mkupuo uliweza kutoa karibu tani nane za maji kwa vipimo vyao. Gawanyeni: ni lita tatu na nusu hivi kwa kila kreti. Baadaye chumba kingine cha aina hiyo, cha shirika la anga la NASA huko Ohio, nacho kilitumika.

Majalada milioni 6.5 hivi yaliokolewa yakiwa yameungua au kulowa. Ukiyaona, mengi yana kingo nyeusi pande tatu na katikati maandishi yanasomeka vizuri. Karatasi iliyobanwa ndani ya kasha huungua kama gogo: ganda linageuka mkaa, ndani hewa haifiki. Hiyo ndiyo sababu ya kutotupa kitu kilichoungua kabla hakijafunguliwa na mtu anayejua. Hadi leo majalada hayo, waliyoyapa alama B, yanatunzwa kwenye vyumba vya joto na unyevu vinavyodhibitiwa, na linafunguliwa moja moja pale mwenye haki yake anapolihitaji.

Nchi ileile ilikuwa na mfano wa kinyume, na ni huo unaonifanya nisisitize kukausha. Tarehe 10 Januari 1921, saa kumi na moja jioni hivi, moto uligunduliwa chini ya Jengo la Wizara ya Biashara mjini Washington. Madaftari ya sensa nyingi yalikuwa ndani ya chumba maalumu cha kuzuia moto. Ya sensa ya mwaka 1890 yalikuwa yamepangwa nje ya mlango wa chumba hicho, yakawa ya kwanza kukutana na moto na ya kwanza kukutana na maji. Askari walitoboa sakafu ya zege wakamimina maji kupitia matundu; ilipofika saa nne kasorobo usiku moto ulikuwa umezimwa. Robo hivi ya madaftari ya 1890 iliteketea na nusu ikaharibiwa na maji na moshi. Mnaona bado palikuwa na kazi ya kufanya. Lakini hayakukaushwa kwa mpango wowote wa maana, yakahamishwa huku na kule kwa miaka, hadi yalipoorodheshwa miongoni mwa karatasi zisizo na umuhimu, na tarehe 21 Februari 1933 Bunge la Marekani likaruhusu yateketezwe. Siku moja kabla ya hapo, Rais Hoover alikuwa ameweka jiwe la msingi la jengo la Nyaraka za Taifa. Kwa sensa ya watu karibu milioni 63, majina yaliyobaki ni 6,160 hivi.

Chumba hicho cha kuzuia moto nacho kilitoa somo dogo: maji yalipenya hata humo na kulowesha madaftari ya shelfu za chini. Kisichopitisha moto si lazima kiwe hakipitishi maji.

Nirudi St. Louis kwa jambo moja, na kwa maoni yangu ndilo kosa kubwa kuliko lile la vinyunyizio. Majalada yale hayakuwa na nakala, hayakuwa na mikrofilamu, na hapakuwa na rejista. Mamilioni yalikuwa yameazimwa na idara ya masuala ya askari wastaafu kabla ya moto, na hapakuwa na orodha iliyokamilika ya yapi yalikuwa nje. Ndiyo maana hata leo hasara inatajwa kama “kati ya milioni 16 na 18”. Milioni mbili za watu ziko ndani ya hilo neno “kati”. Rejista ilianzishwa baada ya moto.

Kujenga upya kulifanyika kwa vyanzo vya pembeni. Walikusanya hati za malipo ya mwisho, zaidi ya milioni 19, zinazoonyesha jina, tarehe ya kuingia na kutoka. Wakachukua kumbukumbu za madai ya wastaafu, za majimbo, za hospitali, wakafungua majalada mapya yenye alama R. Kwetu vyanzo vya aina hiyo vipo: orodha za mishahara, taarifa za michango kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, daftari la matukio la shule, vocha za uhamisho, na nakala ya barua ambayo mtumishi mwenyewe ameifungia kwenye sanduku nyumbani. Mwalimu wa Ludewa anayestaafu akikosa barua ya kuthibitishwa kazini, mnajua anavyozungushwa. Orodhesheni sasa, kwa kila aina ya jalada mlilonalo, taarifa zake zinapatikana wapi pengine. Ukurasa mmoja unatosha.

Tuje kwenye majengo yetu. Mtu atasema sisi hatuna ghorofa ya ekari tano. Kweli, lakini udhaifu uleule tunao, umekaa juu ya vichwa vyetu. Ofisi zetu nyingi, za zamani na mpya, kuta za vyumba zinaishia kwenye silingi bodi. Panda darini kwa ngazi umulike tochi: kutoka chumba cha kwanza hadi cha mwisho ni uwazi mmoja chini ya bati, una mbao kavu, nyaya, viota vya ndege na vumbi la miaka. Moto ukitoboa silingi ya jiko la chai upande wa mashariki, unasafiri huko juu na kuteremka masijala upande wa magharibi, huku milango yote ikiwa imefungwa. Dawa yake fundi yeyote wa matofali anaiweza: ukuta wa masijala upandishwe hadi ugusane na bati, pengo lililobaki lizibwe kwa chokaa na saruji, na matundu ya nyaya na mabomba yazibwe pia. Msikubali povu la kujaza mapengo la madukani. La kawaida linaungua. Mlango wa masijala uwe wa mbao nzito isiyo na uwazi ndani, ujifunge wenyewe, na mazoea ya kuushikiza kwa tofali uwe wazi yakome.

Baridi ni habari nyingine ya kwetu. Juni hadi Agosti, Njombe na Makete, hita ndogo huwekwa chini ya meza na jiko la mkaa huingizwa ofisini. Hita ya wati 2,000 inavuta takriban ampea tisa. Ukiichomeka kwenye ekstensheni nyembamba pamoja na kompyuta na birika, waya hupata moto chini ya zulia kabla hujaona moshi. Masijala isiwe na hita wala jiko. Mtumishi avae koti.

Kabati la chuma la kawaida msilitegemee. Chuma hupitisha joto, na karatasi huanza kugeuka rangi na kuwa dhaifu joto likipita nyuzi 175 hivi. Kasiki za kuzuia moto hupimwa kwa kuangalia kama ndani zinabaki chini ya nyuzi 177 kwa saa moja au zaidi. Na kasiki iliyotoka motoni isifunguliwe siku hiyo. Ndani kuna karatasi zenye joto kali zisizo na hewa; ukifungua, hewa inaingia na zinawaka mbele ya macho yako. Iacheni ipoe kabisa, hata siku mbili.

Mtungi wa kuzimia moto wa masijala uwe wa maji au wa unga unaofaa kwa vitu vikavu. Wa kabonidioksaidi unazima mwali tu, kaa lililo katikati ya bunda linabaki na kuwaka tena. Kifaa cha kuhisi moshi kinachopiga kelele kwenye chumba kilichofungwa saa nane usiku kinamsaidia panya; king’ora kipelekwe kibandani kwa mlinzi, na mlinzi ajue namba 114 bila kuitafuta.

Kuhusu maji ya kawaida, yasiyosubiri moto: shelfu ya chini iwe sentimeta 15 juu ya sakafu, ya juu iache nusu meta chini ya silingi. Masijala isiwe chini ya choo, wala chini ya simtanki, wala kwenye kona ambako mifereji ya paa hukutana. Msijaze shelfu mpaka jalada litolewe kwa kuvuta kwa mikono miwili. Karatasi ya sasa ikilowa hunyonya maji hadi asilimia 60 ya uzito wake na inavimba. Iliyobanwa sana inasukuma nguzo za shelfu, shelfu inapinda, yote yanalala sakafuni.

Basi tuseme yamelowa. Kuvu huanza kati ya saa 48 na 72. Kwa baridi ya Makete mnaweza kupata nyongeza ya siku. Kwa joto la Kyela msiihesabu hiyo nyongeza. Asiingie mtu kabla Zimamoto hawajaruhusu na umeme haujakatwa kwenye swichi kuu. Pigeni picha kila shelfu kwa simu kabla ya kugusa. Anzeni na yaliyoanguka njiani, maana mtayakanyaga, kisha yale ya kwanza kwenye orodha yenu ya umuhimu. Jalada lililolowa halifunguliwi, lililofunguka halifungwi. Hakuna kubandua karatasi zilizogandana. Likiwa na tope, lishikeni likiwa limefungwa, mlisuuze kwenye ndoo ya maji safi ya baridi, isipokuwa majalada ya zamani yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino. Wino huo unakimbia, na mihuri pia.

Kreti inayofaa ni ya plastiki yenye matundu. Makasha ya mbao ya nyanya ya Ilula yana misumari na yanashika uchafu, yaacheni kwa nyanya. Pangeni majalada mgongo ukiwa chini, mstari mmoja, robo ya nafasi ibaki wazi, na plastiki nyembamba kila baada ya majalada machache ili yasigandane. Kwenye lebo andikeni kwa penseli: namba ya kreti, shelfu ilikotoka, tarehe. Wino wa kalamu utaoshwa.

Kama mna majalada mia, mnaweza kuyakausha kwa hewa. Kama ni elfu, gandisheni kwanza. Kugandisha hakukaushi, kunasimamisha saa. Friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Za wauza samaki na nyama zinafika hapo, na friza ya kulala ya lita 300 itameza makreti matano au sita. Chumba cha baridi cha parachichi, ambavyo sasa vipo Njombe na Rungwe, kiko nyuzi tano hivi juu ya sifuri: kinapunguza mwendo wa kuvu, hakiuzuii. Ongeeni na wenye friza leo, kabla ya maafa, mjue bei na nani ana ufunguo usiku. Kisha toeni kwa siku kiasi mnachoweza kukausha siku hiyo, hata kama ni majalada kumi.

Kukausha kwenyewe kunataka chumba chenye hewa inayopita, feni zikielekezwa ukutani na si kwenye karatasi, unyevu chini ya asilimia 60. Ondoeni pini na tagi, vinatia kutu. Tandazeni kwa mafungu yasiyozidi nusu sentimeta juu ya karatasi ya kunyonya isiyochapwa, mbadilishe kila inapolowa, na kuchanganya folio, yaani karatasi za ndani ya jalada, kuepukwe kwa kukausha jalada moja kwa mtu mmoja mpaka liishe. Jua hapana, pasi hapana, juu ya jiko hapana. Karatasi inakakamaa, inajikunja na wino unafifia. Barakoa na glavu kwa kila anayegusa, na mwenye pumu apewe kazi ya kuandika lebo.

Kisichookoleka nacho kina utaratibu. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka Na. 3 ya mwaka 2002, hakuna afisa anayeamua peke yake kuteketeza jalada la serikali kwa sababu limenuka. Liwekwe kando, liorodheshwe, kibali kiombwe.

Na rejista. Nakala ya rejista ya majalada, pamoja na orodha ya yaliyoazimwa, itolewe kila mwezi na kupelekwa jengo jingine, lisilo na paa moja na masijala yenu. Halmashauri mbili zinaweza kubadilishana: ya Mufindi ikakaa Kilolo, ya Kilolo ikakaa Mufindi. Kwenye karatasi ni bahasha moja ya A4. Kwenye flashi ni ndogo zaidi, ila flashi ikaguliwe kama inafunguka. Fomu ya makabidhiano ipo mezani pale mlangoni, nimechapa nakala 60. Naomba tuanze maswali.